Baiskeli kwenye nyika ya barabara ya Magadi: mwongozo kamili wa kushuka na kurudi salama

Jumapili jioni simu yangu huanza kulia. Maneno hutofautiana, kisa ni kilekile. Walishuka kwa baiskeli kutoka Corner Baridi, juu ya Kiserian nje ya Nairobi, asubuhi wakiwa na furaha, Bonde la Ufa limefunguka mbele yao hadi macho yanakoishia. Kufikia saa 6 mchana wameketi chini ya mgunga, chupa tupu, tairi limelala, na mlima wote bado unawasubiri. Baadhi yao wamerudishwa mjini nyuma ya pikapu ya msamaria aliyewahurumia.

Kosa haliko kwenye miguu. Wengi wao huzunguka msitu wa Karura kila wiki bila shida. Tatizo ni kwamba njia hii imegeuzwa. Mlimani tumezoea kupanda tukiwa na nguvu na kuteremka tukiwa tumechoka. Hapa unateremka kwanza, asubuhi yenye baridi, na kila kitu kinakuambia kwamba wewe ni hodari. Kupanda kunakuja baadaye, jua likiwa utosini.

Kwa hiyo safari hii hupangwa kuanzia mwisho. Panga kurudi kwanza, ndipo upange kwenda. Kila hatua hapa chini imetoka kwenye wazo hilo moja.

## Sura ya njia

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Olorgesailie, kituo cha Makavazi ya Kitaifa kilicho njiani, iko karibu mita 1,000, na Ziwa Magadi karibu mita 600. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazoshuka hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 6.5, na huko chini hakuna mawingu ya kukuhurumia kama ya Nairobi. Siku ambayo Kiserian unavaa jaketi, Magadi inaweza kukaribia nyuzi 40.

Hili si jangwa kamili kama Chalbi. Ni nyika kavu: vumbi jepesi, mawe meusi ya volkano, makorongo yaliyojaa mchanga, migunga, na vijia vya ng'ombe vinavyogawanyika kila baada ya hatua mia. Ni nchi nzuri kupita kiasi. Utaona twiga akila juu ya mti kama vile hujafika, na asubuhi mwanga ukipiga mgongo wa Ngong nyuma yako utasimama hata kama hukupanga.

## Vifaa

Usiondoke nyumbani kama kimoja kati ya hivi hakipo:

- Maji lita 4.5: chupa mbili za fremu, kila moja robo tatu ya lita, na mfuko wa mgongoni wa lita 3.
- Chumvi ya kurudisha maji mwilini, pakiti mbili. Ukikosa, changanya nyumbani nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari katika lita moja ya maji safi.
- Tyubu mbili mpya, viraka, solusheni, liva mbili za tairi na pampu. Wale wa matairi yasiyo na tyubu wabebe pia vile vipande vya mpira vya kuchomeka kwenye tundu.
- Spana ndogo ya kukunja, kikata-cheni na kiungo kimoja cha akiba.
- Helmeti, glovu, miwani, shati jepesi la mikono mirefu na leso ya shingoni.
- Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla ya safari, kwa sababu mtandao hupotea mabondeni, pamoja na pesa taslimu kidogo. M-Pesa nayo haifanyi kazi bila mtandao.
- Bandeji pana ya kufungia na dawa ya kusafishia vidonda.

Chakula ni juu yako, ila kiwe na chumvi. Viazi vilivyochemshwa vikanyunyiziwa chumvi havijawahi kuniangusha. Chokoleti huyeyuka kabla hujafika Kisamis, kituo chenye maduka huko chini.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi mwanzo wa Oktoba. Mimi napenda zaidi Julai na Agosti, kwa kuwa Nairobi huwa na baridi na mawingu, na jua la chini hupungua ukali angalau kidogo.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, zina hatari mbili. Udongo mweusi ukilowa hushika matairi kama ugali mbichi hadi gurudumu likatae kuzunguka. Hiyo ni kero. Hatari kubwa zaidi ni makorongo. Mvua ikinyesha juu Ngong, maji hufika kwenye korongo kavu ulilosimama ndani yake wakati angani kwako kuna jua. Ukiona mawingu meusi juu ya vilima, usipumzike ndani ya korongo, hata kama kivuli kiko hapo tu.

Uwe unaanza kuteremka kutoka Corner Baridi saa 12:30 asubuhi, si saa 2. Sababu ni hesabu ya kurudi: unataka sehemu kubwa ya mlima iishe kabla ya saa 5.

*Umefaulu ikiwa* jua linachomoza na wewe tayari uko Corner Baridi, na wenzako wote wamefika.

## Hatua ya 2: Tengeneza matairi kabla ya kutengeneza mengine yote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya safari zinazoharibika huharibikia hapa.

Miiba ya huko ni ya aina mbili. Kuna miiba mirefu ya migunga, inayoanguka njiani au kuburutwa na matawi ambayo watu huzungushia boma. Na kuna mbigili, mbegu ndogo yenye pembe ngumu ya mmea unaotambaa kando ya vijia na karibu na maboma. Mbigili ndiyo adui halisi. Mwiba wa mgunga hautoboi mpira ila mara moja, na utausikia. Mbigili huingia kumi kwa mpigo, na huvujisha upepo polepole hadi ukiwa mbali.

Kama una uwezo, tumia matairi yasiyo na tyubu yenye gundi ya maji ndani. Weka mililita 100 hivi kwa kila tairi, na kumbuka gundi hukauka haraka kwenye joto. Iliyowekwa miezi mitano iliyopita huenda imebaki utando tu. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza, ongeza.

Kama unatumia tyubu, usikate tamaa. Nilishuka na tyubu kwa miaka mingi. Vaa tairi lenye kuta nene na upana wa inchi 2.2 au zaidi, ubebe viraka vya kutosha.

Upepo wa tairi: kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye tyubu, jaza psi 25 mbele na 28 nyuma. Bila tyubu, 20 mbele na 23 nyuma. Mzito aongeze kidogo, mwepesi apunguze. Wengi hujaza hadi 40 wakidhani tairi gumu halitobolewi. Tairi gumu hurukaruka juu ya mawe, huzama kwenye mchanga, na hukuchosha mikono. Likilegea mno nalo, jiwe hubana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili sambamba. Ukiona matundu mawili yanayolingana, usitafute mwiba. Ongeza upepo.

Cheni ipake mafuta makavu ya baiskeli, kisha ipanguse kwa kitambaa. Oili ya injini hushika vumbi, na ndani ya saa moja utakuwa umejitengenezea msasa.

*Umefaulu ikiwa* ukikalia baiskeli tairi la nyuma linabonyea kidogo tu, na asubuhi inayofuata upepo ni uleule wa jana usiku.

## Hatua ya 3: Gawanya maji kabla hujaonja tone

Hii ndiyo kanuni ninayoisema hadi wenzangu wamenichoka: chupa za fremu ni za kwenda, mfuko wa mgongoni ni wa kurudi.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenda ni mteremko na baridi, lita 1.5 zinatosha. Kurudi ni mlima na joto, na mwili unaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, pengine zaidi. Theluthi moja kwenda, theluthi mbili kurudi.

Kwa nini nitenganishe vyombo? Kwa sababu mfuko wa mgongoni huuoni. Unanyonya tu, unanyonya, na siku unapovuta hewa ndipo unajua. Mimi hilo lilinipata kwenye korongo kabla ya Oltepesi, kituo kilicho baada ya Kisamis, nikiwa na kijana niliyemwahidi mama yake kwamba nitamrudisha salama. Tuliokolewa na mzee mmoja Mmaasai aliyetupa maji aliyobebea mbuzi wake. Mtu aliyetembea kilomita kadhaa kuyafuata maji yale aliyamimina kwenye chupa zetu bila kuuliza bei. Sijasahau uso wake, na tangu siku ile sijafungua mfuko wa mgongoni kabla ya kugeuka.

Usiku wa kuamkia safari, jaza mfuko nusu, uulaze kwenye friza, kisha asubuhi umalizie maji. Barafu itakupoza mgongo na maji yatakuwa bado yanapendeza saa 4.

Chumvi ya kurudisha maji iweke kwenye chupa moja tu kati ya zile mbili, na pakiti ya pili uihifadhi kwa ajili ya kurudi. Kunywa maji matupu mengi mno huku ukitoka jasho la chumvi hupunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma na kichefuchefu, hufanana na za kiu. Mtu huongeza maji na kujiumiza zaidi.

Onyo: mdomo wa mfuko na wa chupa ufunikwe. Vijia hivyo ni vya ng'ombe, na vumbi unalolimeza si udongo peke yake.

*Umefaulu ikiwa* umefika mahali pa kugeukia na mfuko wa mgongoni haujaguswa.

## Hatua ya 4: Fika Corner Baridi bila kujichosha

Barabara ya Rongai hadi Kiserian ni nyembamba na matatu hazikusubiri. Sikushauri uiendeshe kwa baiskeli, hasa gizani. Njoo na gari la mwenzio au patana na pikapu. Ukitumia matatu za 126, zungumza na makanga mapema, ng'oa gurudumu la mbele, na uwe tayari kulipia kiti cha baiskeli.

Acha gari Kiserian mahali penye mlinzi. Kupanda kutoka hapo hadi Corner Baridi ni joto zuri la miguu. Usishindane na mtu.

## Hatua ya 5: Teremka kwa macho

Mandhari yatakuvuta. Kama unataka kutazama, simama. Nasema hivi nikimaanisha, kwa sababu mifupa mingi ya bega imevunjikia pale bonde linapoonekana vizuri zaidi.

Kwenye mawe ya volkano, simama juu ya pedali zikiwa sawa kimlalo, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, makalio nyuma kidogo ya tandiko. Tumia kidole kimoja au viwili kwa kila breki. Punguza mwendo kabla ya kona na uachilie breki ndani ya kona. Gurudumu lililofungwa na breki juu ya changarawe halifuati usukani, linafuata mteremko.

Kwenye mchanga wa makorongo mambo yanageuka. Badilisha gia kuwa nyepesi kabla ya kuingia, kwa sababu ukiwa ndani utakuwa umechelewa. Kaa, sogeza uzito nyuma kidogo, kanyaga kwa mwendo uleule bila kuacha, na tazama ukingo wa pili, si gurudumu. Shika usukani kama unavyoshika kifaranga: asitoroke, asife. Gurudumu la mbele litayumba. Liache liyumbe. Anayepigana nalo ndiye anayeanguka. Ukizama, shuka usukume. Hakuna aibu, na utakuwa umeokoa nguvu.

Kuhusu vijia: njia ya ng'ombe ina akili yake. Hutanuka na kuunganika na nyingine inapokaribia maji au boma, na hugawanyika na kufifia inapoelekea malishoni. Ukiona kijia chako kinazidi kufifia, rudi kwenye njiapanda ya mwisho, usiendelee kwa matumaini. Alama zako kubwa ni mbili: Vilima vya Ngong nyuma, Mlima Olorgesailie mbele. Lami ya Magadi nayo iweke upande mmoja na usiache iwe mbali zaidi ya unavyoweza kutembea ukisukuma baiskeli.

*Umefaulu ikiwa* mikono haijafa ganzi, na hakuna alama ya jiwe kwenye goti lako.

## Hatua ya 6: Pita kwa watu kwa heshima

Ardhi hii ina wenyewe, hata pasipo na ua. Ukikutana na mzee, simama, mwamkie. Ukisema "Sopa" utajibiwa "Ipa", na mazungumzo yameanza. Mama aliyebeba maji au kuni mpishe njia wewe. Lango la miiba ulilolikuta limefungwa, lifunge tena.

Mifugo ikija, shuka kwenye baiskeli, simama upande mmoja, nyamaza. Ng'ombe hawaogopi mtu anayetembea. Wanaogopa kitu kirefu kinachokimbia bila sauti. Kundi likitawanyika, mchungaji, pengine mtoto wa miaka kumi, atamaliza siku nzima akilikusanya.

Picha ya mtu au ya boma lake huombwa. Usigawe peremende kwa watoto. Nimeona walivyozoea kukimbilia magurudumu ya baiskeli kwa sababu hiyo, na siku moja mtu atamgonga mtoto.

## Hatua ya 7: Geuka kabla hujachoka

Weka mpaka kabla ya kuondoka na uuandike kwenye simu. Safari ya kwanza, geukia Kisamis. Ya pili, Oltepesi. Olorgesailie kwa siku moja kwenda na kurudi ni kwa aliyekwisha kufanya hizo mbili bila kulalamika. Njia bora zaidi ni kulala pale kwenye vibanda au kambi ya Makavazi ya Kitaifa na kuanza kurudi alfajiri.

Geuka moja kati ya haya matatu linapotangulia: umefika mpaka wako, saa 3 asubuhi imegonga, au chupa ya pili imeisha. Usijadili. Wakati huo utakuwa unajisikia vizuri sana, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Kisamis kuna maduka, na unaweza kununua maji. Lakini usiyaingize kwenye hesabu. Yakiwepo ni ziada.

Kurudi, upepo wa Ngong mara nyingi hutoka mashariki, nawe utaupokea usoni. Jua likipanda, huongezeka. Tumia gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji, kaa ncha ya tandiko, kunja viwiko, na unywe mafunda mawili matatu kila dakika kumi hata kama huna kiu. Kila nusu saa tafuta kivuli na usimame dakika tano. Tandika kitu chini kabla ya kuketi, ukiangalia mbigili na nyoka.

Ukichelewa na saa 5 ikakukuta bado uko chini, usipande. Lala kivulini hadi saa 9 alasiri, au toka hadi lami na uombe lifti. Lifti iliyoombwa mapema ni usafiri. Iliyoombwa saa 8 mchana huku unatapika ni uokoaji.

## Hatua ya 8: Kabiliana na mambo yanapoharibika

Pancha. Fanya kazi kivulini. Weka tyubu mpya, viraka ubandike nyumbani. Kabla ya kuiweka, vua soksi, iviringe mkononi, uipitishe ndani ya tairi lote. Nyuzi zitanasa kila mwiba uliobaki, na kidole chako kitasalimika. Asiyefanya hivi hutoboa tyubu ya pili ndani ya dakika tano. Kwa matairi yenye gundi, ng'oa mwiba, zungusha tundu liwe chini, subiri dakika mbili, kisha ongeza upepo.

Joto mwilini. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, na vipele vya baridi kwenye mikono wakati kuna jua kali. Simamisha kundi zima. Mweke mgonjwa kivulini, mvue helmeti na shati, mloweshe maji, mpepee, mpe maji ya chumvi kidogo kidogo. Akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Usimnyweshe kitu, endelea kumlowesha na kumpepea, piga 999 au namba ya Msalaba Mwekundu 1199, na mtoe hadi lami bila kungoja.

Nyoka. Kifutu hulala njiani bila kusogea, rangi yake ni ile ile ya majani makavu. Akimuuma mtu, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na saa, tuliza kiungo kisitikisike, mpeleke hospitali.

Usimwache mtu peke yake kwenda kutafuta msaada kama mpo wawili tu na simu inashika. Ndiyo sababu nasema mwende angalau watatu.

## Ukifika juu

Corner Baridi unaweza kutambua ulivyosafiri kwa vitu vitatu. Mfuko bado una nusu lita ya maji. Unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatiza pumzi. Na mkojo wako ni wa rangi ya maji ya limau, si ya chai ya rangi. Kimoja kikikosekana, safari ijayo geukia mapema zaidi, hata kama ulifika.

Jioni, kabla ya kuoga, geuza baiskeli na upekue matairi kwa taa, mpira kwa mpira. Mbigili zilizoganda hung'olewa kwa koleo siku hiyohiyo, kwa sababu kila mzunguko wa gurudumu kwenye lami ya Nairobi kesho huzisukuma ndani zaidi. Safisha cheni, jaza upepo, ulale. Asubuhi tairi likiwa bado gumu, uko tayari kwa Oltepesi.